Kopo la Rangi Mbili

Chaka-chaka-chaka.

Mlio ulimfikia Msasa akiwa amelala chali chini ya meza ya kulia watu wanane, akisugua miguu ya meza hiyo kwa mkono wa kushoto, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Katika karakana ile kila mtu aliujua mlio wa kopo hilo, bati kuukuu la vanishi, na mkono uliozoea kulitikisa. Likitikiswa, mambo ni mawili: kuna mtu ameumia anapewa, au kuna mtu amepona anatakiwa atoe.

Leo hakuna aliyeumia. Basi lilikuwa linamtafuta yeye.

"Toka huko chini," ilisema sauti ya baba yake mdogo, nzito, kama ya mtu aliyeficha kokoto shavuni. "Leo Alhamisi. Kidole kimenywea, nimekiona. Dawa zilizobaki tia humu."

Walisema wamemwita Msasa kwa sababu ya kazi yake ya kulainisha mbao. Waliowahi kubishana naye walijua jina limetoka kwenye ulimi. Alijivuta kutoka chini ya meza, akakaa kitako sakafuni, mkono wa kulia ukiwa na bandeji kwenye kidole gumba.

"Shikamoo tena, baba mdogo. Sitii."

Kopo lilinyamaza. Hata Bisibisi, fundi mwembamba wa bawaba na vitasa, alisimamisha nyundo hewani.

Tangu karakana ifunguliwe, hakuna aliyewahi kulinyima kopo. Lilikuwa na heshima yake. Fundi akipewa dozi hospitalini, akipata nafuu siku ya tatu au ya nne, humwaga zilizobaki ndani ya kopo kwa ajili ya mwenzake. Patasi ikikuteleza, msumari ukikuchoma, unafunguliwa kifuniko, unachukua mbili tatu, unarudi kazini. Vidonge vyote vya namna hiyo waliviita rangi mbili, hata kama rangi zenyewe hazifanani. Walikuwa wakijisifu kwamba hakuna karakana yenye upendo kama yao.

Na Msasa alijisifu pamoja nao, mpaka wiki iliyopita, kibanzi cha mbao ngumu kilipomwingia chini ya ukucha. Alichukua mbili za kopo. Maumivu yakapoa, akaacha. Siku mbili baadaye kidole kikaamka. Akachukua mbili nyingine, za rangi tofauti, Bisibisi akiapa kwamba hizo ndizo baba yao. Ilipofika Jumatatu kidole kilikuwa kinene kama mpini wa patasi, na wekundu umeanza kupanda kuelekea kwenye kiganja.

Daktari alikipasua, akakamua usaha, akauliza bila kuinua macho:

"Umemeza nini kabla ya kuja?"

"Rangi mbili."

"Rangi mbili zipi?"

"Za kopo."

Hapo daktari aliinua macho. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwambia tu kwamba usaha ulikuwa umekaribia mfupa, na kwamba kidole kikiharibika tena asishangae akiambiwa kikatwe. Msasa alikitazama kile kidole. Bila gumba, randa haishikiki. Bila randa, yeye ni mtu wa kufagia maranda ya wenzake.

Kwenye dirisha la dawa, mama mmoja mwenye miwani alimpa kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1 x 3.

"Moja kwa tatu," Msasa alisoma. "Ubao mwembamba sana huu, mama."

Mama aliangua kicheko. "Wewe fundi seremala, si ndiyo? Basi nyie ndio wabaya wangu. Mwaka juzi alikuja mwenzenu, akazidisha, akapata tatu, akameza zote tatu kwa mkupuo kila asubuhi! Sikiliza, binti yangu. Moja. Kila baada ya saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Siku saba. Ziko ishirini na moja, zote ni zako."

"Nikipona kabla?"

"Kidole kikiacha kuuma si kwamba vijidudu vimehama. Usijikatizie mwenyewe. Ukiona kuna sababu ya kuacha, njoo utuulize kwanza. Ukisahau moja, meza ukikumbuka, ila kama saa ya nyingine imekaribia, iliyopita iache. Usifidie kwa kumeza mbili. Na maji ya kutosha." Kisha alivua miwani. "Sasa niambie kweli. Kuna dawa yoyote iliyowahi kukutoa vipele, au kukuvimbisha uso, au kukubana pumzi? Hizi ni za ukoo wa penisilini, na ukoo huo una watu usiopatana nao kabisa."

Msasa alisema hakuna. Mama akamwambia akiona hata dalili moja kati ya hizo asimeze nyingine, aje mbio. Jioni hiyo, kwa penseli ya kupimia mbao, Msasa alichora mistari ishirini na moja ukutani juu ya benchi lake, na kila alipomeza alikata mmoja. Mpaka Alhamisi asubuhi alikuwa amekata tisa.

"Zimebaki kumi na mbili," alisema sasa, akinyanyuka na kujikung'uta vumbi. "Na zina mwenyewe."

"Kumi na mbili!" Bisibisi alipiga mluzi. "Dada, hilo ni duka. Kidole chenyewe kimepungua, kinakaribia kuvaa pete. Unazitunzia nini, mahari?"

"Nazitunzia wewe usije ukaniita kidole pungufu."

"Mchoyo huyo," Bisibisi aliliambia kopo. "Umemlea mwenyewe."

Baba mdogo hakucheka. Alisogea kwenye mwanga wa dirisha, ndipo Msasa akaliona vizuri shavu lake la kushoto. Lilikuwa limetuna, ngozi inang'aa. Jino. Lilikuwa likimsumbua tangu Jumanne, naye akalificha kwa kuongea kidogo.

"Sikuombi kwa ajili ya mtu wa njiani," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchovu ndani ya ukali. "Naomba kwa ajili yangu. Nani alikushikisha randa ulipokuwa hufiki kwenye benchi? Sisi ni ukoo mmoja, mwanangu. Tangu lini ukoo unanyimana dawa?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kibanzi. Kwa muda mkono wake ulienda mfukoni wenyewe, ukakigusa kibahasha. Nne tu, aliwaza. Akimpa nne nani atajua? Kidole hakiumi.

Hata siku ile alipoacha za kopo, kidole hakikuuma.

Mkono ukatoka mtupu.

"Nikikupa wewe, baba mdogo, hutapona na mimi sitapona. Tutakuwa wagonjwa wawili wenye nusu dozi mojamoja."

"Asiyetia kwenye kopo hana haki ya kopo!"

"Sitaki haki hiyo! Lete hapa."

Alilinyakua kopo mkononi mwa mzee, na kabla mtu hajasema neno, alilipindua juu ya benchi. Vidonge vikamwagika juu ya maranda: vya rangi mbili, vya rangi moja, vilivyopauka, vilivyoshikana kwa unyevu kama gundi ya jana, viwili vikiwa vimepasuka na kumwaga unga.

"Haya, mafundi," alisema, sauti inapanda. "Ubao ukiingia humu ndani mnauliza ni mti gani, umekauka lini, umetoka kwa nani. Hiki ni cha nini? Hiki je? Cha mwaka gani? Cha kidonda, cha kifua, cha minyoo? Ubao mnaujua kwa jina, ila kinachoingia tumboni mwenu mnakijua kwa rangi! Halafu tunaita upendo!"

Bisibisi aliinama, akaokota kitu cheupe cha mviringo, akakigeuza.

"Hiki ninakijua," alisema polepole. "Hiki ni kifungo cha shati langu." Akatazama kifua chake, akahesabu kwa kidole. "Vilidondoka viwili."

Aliinua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani alimeza cha pili?"

Msasa alitaka kucheka lakini baba mdogo alikuwa amepandwa na hasira, na hasira ilimfungua mdomo uliokuwa ukiuma.

"Unanifundisha dawa wewe? Nimemeza dawa kabla hujazaliwa! Nimechomwa sindano zenye nguvu, achana na hivi vya watoto! Ile ya penisilini ilinivimbisha midomo, koo likaniziba, nikalazwa siku mbili, na bado niko hapa nimesimama!"

Msasa aliacha kuchambua vidonge.

"Umesema ya nini?"

"Ya penisilini. Zamani. Kwani vipi?"

Alikitoa kibahasha mfukoni, akakiweka juu ya benchi, akakifunika kwa kiganja kizima. Nne tu, alikuwa amewaza. Nani atajua.

"Baba mdogo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ulimi wake haukukwaruza. "Hizi ni za ukoo huohuo. Ulikuwa unataka kumeza kitu kilekile kilichokuziba koo."

Mzee alikitazama kibahasha kama mtu aliyeinama kuokota kamba akakuta ni nyoka. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kooni. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema kwa sauti ndogo.

"Kopo haliulizi."

Saa ya ukutani, iliyojaa vumbi kuliko mafundi, ilionyesha saa nane kamili. Msasa alinawa mikono kwenye ndoo, akajaza kikombe maji, akatoa kidonge kimoja. Akakimeza mbele yao, kichwa juu, akanywa maji yote. Kisha akaenda ukutani na kuukata mstari wa kumi.

"Kumi na moja zilizobaki nazimaliza Jumatatu alfajiri," alisema. "Anayetaka kuniita mchoyo, aniite mpaka Jumatatu. Nitaitika."

Bisibisi hakumwita kitu. Alikuwa anakusanya vile vidonge kwenye mfuko, kimoja kimoja, akivishika kwa ncha za vidole tu.

"Nivitupe chooni?"

"Usitupe popote. Navipeleka dirishani kwa yule mama, wanajua namna ya kuviharibu. Kopo lioshe, tutie misumari."

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya gogo, shavu kiganjani. Alionekana mdogo ghafla, mtu ambaye jino linamuuma tu.

"Nikienda hospitali wataling'oa," alisema.

"Wakiling'oa nitakushika mkono. Kwa kidole gumba hikihiki."

"Na kama nikisahau kuwaambia ile habari ya koo? Mimi mbele ya daktari huwa nasahau hata jina langu, mwanangu."

Msasa alichuchumaa mbele yake, akamshika goti kwa mkono wenye bandeji, ambao bado ulikuwa na vidole vitano.

"Hutasahau, kwa sababu tunaenda sasa hivi, wewe na mimi, na meza ya watu wanane itatusubiri. Nakuahidi, baba mdogo, Bisibisi na kifungo chake wawe mashahidi: kabla hawajakupa hata kidonge kimoja, mimi ndiye nitakayesema penisilini ilikufanya nini. Na wakikupa dozi nyingine, nitakuchorea mistari yako ukutani, na sitakuacha upumue mpaka tumeukata wa mwisho."