Ukuta Ulioishia Kwenye Dari

Kiwanda cha nguo kilipoongezewa jengo, kazi ya dari alipewa mwanamke ambaye mafundi wote walimwita Mama Dari. Aliyemsemea mpaka akaipata ni mdogo wake wa tumbo moja, mshonaji wa mle mle kiwandani, aliyeitwa Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Wafanyakazi walikuwa wamemchagua awe msemaji wao, na siku hizo wakubwa walikuwa bado wanajifanya kumsikiliza. Akawaambia ana dada yake, dari zote za mji huu anazijua, mwiteni. Wakamwita. Hilo likumbukwe, maana wapo watakaolisahau makusudi.

Mama Dari hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kuchagua ubao wowote aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga kofi moja, akasikiliza kofi lile linavyokufa. Likivuma, chumba kilikuwa kigumu. Likizimika papo hapo, kilikuwa kimelainika. Kutokana na kofi hilo alijua aweke nini juu.

Aliyemtembeza kwenye jengo alikuwa meneja wa wafanyakazi. Watu walimwita Mkwe, kwa jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti na kuomba samahani kila dakika, kama mtu aliyepeleka posa. Hata kufukuza alifukuza kwa sauti hiyo hiyo.

Walianzia chumba cha wakurugenzi. Hapo Mama Dari alichagua mbao nyembamba zilizoachiana nafasi, nyuma yake pamba ya mawe ya kumeza sauti, na akataka kuta zipandishwe mpaka zikaguse zege la ghorofa ya juu. Mkwe akakubali bila kuuliza bei. Maneno ya humu, alisema, yafie humu. Kwenye ukumbi wa cherehani Mkwe alitaka bati libaki wazi. Mama Dari akamweleza kwamba bati litazirudisha kelele zote vichwani mwa watu, na baada ya muda nusu yao watakuwa wanaitana kwa kushikana mabega. Mkwe akaomba samahani, akasema wanaozungumza hawashoni.

Chumba cha kulia ndicho kilichowapatanisha. Mkwe alikuwa anasita, na Mama Dari, bila kuulizwa, akamwambia aweke plasta ngumu yenye rangi ya kung'aa. Vijiko na sauti vitagonga juu na kurudi, masikio yatachoka, na mtu atameza haraka arudi kwenye mashine yake bila kusukumwa. Mkwe akamtazama kama mtu aliyegundua ndugu aliyepotea. Kuanzia hapo akawa anamwita dada.

Kwa hiyo walipofika kwenye chumba cha mwisho, hakukuwa tena na haja ya maneno mengi. Chumba hicho walikuwa wamekidai wafanyakazi wenyewe, mahali pa kukutania bila msimamizi kuwapitia nyuma ya migongo, na Kipaza alikuwa amekipigania mpaka kikakubaliwa. Uongozi ukawapa kile kilichopakana na ofisi ya Mkwe. Ukaribu huo, walisema, ni ishara ya kuaminiana.

"Nataka wakiwa humu wajione wako peke yao kabisa, dada," Mkwe alisema. "Halafu huu ukuta wa kati, tusipoteze tofali. Uishie kwenye dari."

Jambo lenyewe ni jepesi, na watu wengi hulikosea. Ubao laini wenye vitundu hunywa mwangwi, chumba kikawa kimya, na aliyemo akadhani siri yake imefunikwa blanketi. Lakini kuua mwangwi si kuzuia sauti. Ubao ule mwepesi huivujisha sauti juu, na kama ukuta umeishia kwenye dari, sauti husafiri kwenye uwazi ule wa gizani kati ya dari na zege, ikashuka upande wa pili. Ukitaka kuizuia unaweka jipsamu nzito, au unaupandisha ukuta. Mama Dari aliyajua hayo yote. Alijua pia kuna jengo la pili litakalojengwa, na kwamba Mkwe ndiye atakayesema nani aitwe.

Akachagua mbao zile laini zenye vitundu. Vyumba vyote viwili, hiki na ofisi ya Mkwe.

Siku ya kufungua, Kipaza alimshika dada yake mkono, akamwingiza ndani mbele ya wenzake, akapiga kofi kama alivyomwona dada yake akipiga tangu utotoni. Kofi likafa. Akacheka.

"Mnasikia? Hata kikohozi humu hakitoki. Dada yangu huyu."

Wakamshukuru mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Bibi Vifungo, mzee kuliko wote kiwandani, aliyeshona vifungo tangu enzi za baba wa bosi wa sasa. Yeye ndiye aliyekusanya watu wa kwanza waliothubutu kudai, na ndiye aliyemfundisha Kipaza kutunga uzi alipoajiriwa. Alimwambia Mama Dari kwamba chumba ni kizuri, kimya chake kama mkwe mpya mezani, na chumba kizima kikaangua kicheko kwa kuwa walijua anamsema nani. Upande wa pili wa ukuta, Mkwe mwenyewe alikuwa amekaa ameshika kalamu.

Miezi ikapita. Wafanyakazi walikutana humo wakapanga kusimamisha mashine asubuhi ambayo mzigo mkubwa wa wateja wa nje ungepakiwa. Walipofika asubuhi hiyo, mzigo ulikuwa umeondoka jana yake, Jumapili, umepakiwa na vibarua wa kukodi. Langoni walisimama walinzi na barua za kuwafukuza viongozi wa wafanyakazi wa kila idara. Uongozi uliwajua kwa majina, na uliyajua maneno ambayo kila mmoja aliyasema. Kipaza peke yake hakupewa barua.

Mama Dari alimuuliza Mkwe kwa nini. Mkwe akaomba samahani. "Mdogo wako tumemwacha, dada. Akiwa humo ndani anatufaa zaidi."

Kipaza alikuja nyumbani kwa dada yake jioni, uso umemshuka. Waliobaki walikuwa wameanza kumtazama vibaya, yeye asiyefukuzwa, na alijua asipompata msaliti, msaliti atakuwa yeye. Alikula bila kuona anachokula. Alisema kuna mtu anayetoka mle chumbani na kwenda kumwaga kila kitu. Alitaja majina, akayafuta. Kisha akainua macho, akaangalia dari ya sebule ya dada yake.

"Au ni chumba chenyewe?"

Mama Dari alikuwa anakusanya sahani. Hazikulia hata moja. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi, yangetosha kwenye pumzi moja: ni chumba, mdogo wangu, na ni mimi. Kesho yake wangehamia chini ya mti, chooni, popote, na jengo la pili lingekwenda kwa fundi mwingine, na huyu kijana aliyemlea mgongoni asingeingia tena humu ndani.

"Chumba nimekifanya kwa mikono yangu," alisema. "Wewe mwenyewe umekipigia kofi."

"Nisamehe, dada. Akili imechoka."

"Mimi nilikuwa naingia pale kwa Mkwe kupima. Hujiulizi ni nani mwingine anayeingia kila mara na kufungiwa mlango?"

Kipaza alimwangalia. Hakutaka kulitamka. Dada yake akamngoja, akamfutia meza, akamngoja tena.

"Bibi Vifungo," alisema Kipaza, na machozi yakamtoka.

"Mimi sikumtaja," alisema Mama Dari.

Kesi ya Bibi Vifungo ilisomwa na wenzake mle chumbani mchana, wakati wa mapumziko. Siku hiyo Mama Dari alikuwa ameitwa na Mkwe ofisini kwake kuchagua dari ya zahanati ya jengo la pili, na vipande vya mbao vilikuwa vimepangwa mezani mbele yao. Sauti zilipoanza, Mkwe aliweka kidole midomoni. Ndiyo desturi aliyokuwa ameizoea, maana njia ya juu ilipita pande zote mbili. Wafanyakazi wakiwa mle, yeye hapokei simu, havuti kiti, hakohoi.

Wakamsikia Kipaza akiuliza, na bibi akijibu kwamba ni kweli, huingia kwa meneja karibu kila wiki. Anaomba kiti chenye mgongo, kiuno kimemwisha kwenye stuli. Mtu akacheka. Mwingine akamuuliza alipewa kiti gani kwa vichwa vya wenzao. Bibi akasema kiti hajakipata, waende wakatazame, stuli ni ile ile. Hapo wakazomea, na dari ile ilivyokuwa nzuri, hata kuzomea kulisikika kwa upole, kama watu wanaombembeleza mtoto.

Kooni mwa Mama Dari kulikuwa na muwasho. Alijua kabisa kikohozi kimoja kingetosha. Mle ndani wangenyamaza wote, wangeinua vichwa, na mzee yule angekwenda nyumbani akiwa mtu.

"Mwanangu," ilisema sauti ya bibi, karibu kabisa, kama amekaa kwenye meza yao, "mimi ndiye niliyekuonyesha tundu la sindano."

"Ndiyo maana inauma," Kipaza alisema. "Toka. Na ukumbini usimsalimie mtu, hutaitikiwa."

Mama Dari alimeza mate. Akameza tena. Mkwe akamsogezea glasi ya maji taratibu, bila kuiburuza, na yeye akanywa.

Kisha Mkwe akagusa vipande vya mezani kwa ncha ya kidole, akanyanyua nyusi. Ya zahanati ni ipi? Mama Dari akamwonyesha ile nyeupe, nyepesi, inayofutika damu. Mkwe akachora hewani ukuta wa kati ya chumba cha daktari na ofisi mpya, akiupandisha kutoka mezani, polepole. Mkono wake ukasimama penye dari, kabla ya kufika zege, ukamngoja.

Upande wa pili mtu alikuwa anavuta kiti kumpisha bibi apite.

Mama Dari akaitikia kwa kichwa. Mkono wa Mkwe ukabaki pale pale.