Kichwa Kilichokauka Siku ya Kilio

Kwetu Lubumbashi, kilio kikiingia nyumbani, kila kinachopiga kelele kinanyamazishwa. Radio inazimwa, kinu kinalazwa chini. Tulihamia Brussels na desturi hiyo ndani ya mizigo yetu. Kwa hiyo siku mume wangu Kabeya alipokata roho hospitalini, wifi yangu Antoinette, dada yake mkubwa, aliingia dukani kwetu nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles huku analia, akakuta traceur inachapa, akachomoa waya ukutani. Kisha akaifunika kwa kitambaa cheusi. Hakuna aliyemlaumu. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni katikati ya akina mama, na niliona amefanya vema.

Traceur ni mashine ya kuchapa mabango na picha kubwa, ndefu kama kitanda cha watu wawili. Kabeya aliipata mwaka 2004 kwa wachora ramani za nyumba waliokuwa wanahama. Aliileta na rafiki yake Séraphin, fundi wa mashine hizo, na ikabidi waondoe mlango wa duka ndipo ipite. Mimi nilisimama na birika la chai nikiwaangalia wanavyotoka jasho.

"Victorine," Kabeya akaniambia, "tumepata mutoto wa pili."

"Na huyu anakula nini?"

"Wino. Anakula mingi kupita wewe na Shekinah."

Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alichapa karatasi ya jaribio: mistari myembamba ya rangi nne, nyeusi, buluu, njano, na ile nyekundu ya waridi wanayoiita magenta. Aliiinua karatasi dirishani kama mtu anayekagua noti. Mstari ukikatika, maana yake kitundu kimoja kimeziba kwenye kichwa, kile kijisanduku kinachokwenda na kurudi kikitema wino. Mwingine angekimbilia kitufe cha nettoyage, mashine ijisafishe kwa kunyonya wino kwa nguvu. Kabeya hakupenda nguvu. Alilowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa maji ya pasi, yale yasiyo na chumvi, vuguvugu, akakiweka chini ya kichwa. Halafu aliniita.

"Mama Shekinah, leta rozari yako."

Nilisali mafumbo yote matano nikiwa nimeketi kwenye kiti cha wateja. Nilipofika mwisho, wino uliokauka ulikuwa umelainika. Alisema hakuna saa anayoiamini kama mimi. Karatasi za jaribio na kazi zilizoharibika hatukuzitupa. Tulifunikia vitabu vya shule vya mtoto wetu Shekinah. Mwaka mmoja kitabu chake cha hesabu kilikuwa na pua ya bibi arusi, na mwalimu akauliza kama huyo ni bibi yake.

Basi, ikafika mwaka 2012, karibu mwaka mzima baada ya kilio kile, juma la kuondoa matanga. Jumamosi tungesali misa, mimi ningevua nguo nyeusi na kuvaa pagne, kitenge cha rangi, na picha kubwa ya Kabeya ingetundikwa ukumbini juu ya meza. Nilitaka picha hiyo itoke kwenye mashine yake mwenyewe. Lakini Antoinette alikwisha ongea na mtu wa vyuma vikuukuu. Katika ukoo walisema mashine imekufa na mwenyewe.

"Sawa," akaniambia. "Ijumaa ikitoa picha, inabaki. Isipotoa, Jumatatu inaenda."

Ijumaa asubuhi Séraphin alikuja na basi kutoka Ganshoren, mkoba wake wa vyombo begani. Antoinette alisimama mlangoni bila kuvua koti. Nilitoa kitambaa cheusi mwenyewe. Chini yake, bango lilikuwa bado limening'inia nusu, kama lilivyoachwa siku ile. Lilikuwa la harusi. Liliandikwa ANAÏS NA HÉ.

Séraphin akacheka. "Na Hé! Hénock alipotelea wapi?"

"Yupo. Wana mutoto sasa."

Alikata bango, akainama kuangalia, na kicheko kikamwisha. "Bon. Muone. Kichwa kimesimama katikati ya njia. Mashine ikizimwa vizuri, kichwa kinarudi chenyewe pembeni, kinafungwa mdomo kisikauke. Hiki kilikatiwa moto wa umeme kikiwa kazini. Kimekaa mdomo wazi miezi hii yote. Ni nani alichomoa waya?"

Nilimwona Antoinette akipeleka mkono kwenye kilemba chake, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Kilio ndicho kilichomoa," nikasema. "Tuendelee, tonton Séraphin."

Alisukuma kichwa kwa mkono pole pole hadi mahali pake, akafuta ukoko wa wino, akawasha. Sauti ile ya mashine ilinipiga kifuani, nilikuwa nimeisahau. Jaribio likatoka. Nyeusi tu. Pale pa rangi nyingine, karatasi ilikuwa tupu.

"Alors, nyeusi iko," Antoinette akasema. "Muchape nyeusi. Picha ya marehemu inataka nini zaidi?"

"Yaya," nikamwita, kama tunavyoita dada mkubwa kwetu, "kesho ninavua nyeusi. Ndugu yako atabaki nayo ukutani peke yake?"

Antoinette akatoka pale mlangoni. Alikuja moja kwa moja, na kabla Séraphin hajageuka, akabonyeza kitufe cha nettoyage, si mara moja. Mashine ikanyonya, ikatetemeka, ikakoroma. Jaribio lililofuata, hata nyeusi ilikatikakatika.

"Yaya Antoinette!" Séraphin akapiga makofi. "Ulikuwa unazibua ama unaziba? Ukibonyeza tena itavuta hewa, na mimi narudi Ganshoren kuangalia télé."

"Nilifikiri inasinzia," akasema kwa sauti ndogo.

Nilipasha maji ya pasi jikoni. Séraphin alilowesha kitambaa, akakiweka chini ya kichwa, akaniuliza, "Kabeya alikuwa anaacha muda gani?"

"Rozari moja."

Alitaka kucheka, kisha akavua kofia.

"Donc munaisalia mashini?" Antoinette akauliza.

"Hatuisalii mashine, yaya. Tunasali, na mashine inangoja."

Tukaanza wawili. Fumbo la tatu nikasikia sauti ya tatu nyuma yangu, nzito, inajibu Salamu Maria. Katikati ya salamu moja sauti ikavunjika.

"Ni mimi nilichomoa. Victorine, ndiyo mimi niliua mashini ya ndugu yangu."

"Sisi wote tulikuwa pale. Hakuna aliyekushika mkono. Jibu, yaya, usituache njiani."

Akajibu. Baada ya rozari ile njano ilirudi, na nyeusi ikanyooka. Tulibadilisha kitambaa, tukasali tena, buluu ikaja kama moshi kwanza, halafu mistari. Magenta ilikataa.

"Tukichapa hivi," Séraphin akasema, "Kabeya atatoka kijani kama muntu wa malaria."

Mchana ulikuwa unaisha, na mwenye ukumbi alikwisha piga simu kuuliza kama picha inakuja. Séraphin alitazama chini, nikajua anatafuta namna ya kuniambia tuache. Antoinette akavua koti. Alichukua kitambaa, akakilowesha mwenyewe, akakikamua kwa vidole viwili kama anayemfuta mtoto macho, akampa Séraphin akiweke. Kisha akaanza rozari yeye, bila kuharakisha, yeye ambaye kanisani humaliza mbele ya padri.

Jaribio likatoka. Séraphin akaliinua dirishani. Magenta yote, isipokuwa mstari mmoja uliokatika.

"Huo hauonekani kwenye picha," akasema. "Hakuna atakayejua."

"Kabeya angejua," tukasema, mimi na wifi yangu pamoja.

Tukangoja tena.

Picha ilianza kutoka, nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha yale macho. Ngozi yake ilikuwa ngozi yake. Ilipofika mdomoni, Antoinette akanishika mkono.

"Anacheka. Nilikuwa nimesahau anachekaga hivi, upande moja."

Baada ya mdomo ikaja tai yake ya harusi yetu, nyekundu, bila mstari hata mmoja.

Séraphin aliviringisha picha, akaifunga. Tulivaa makoti. Antoinette, ambaye nyumbani kwake huzima kila kitu akitoka, akanyoosha mkono kuelekea ukutani kwenye waya. Mkono ukasimama hewani.

"Uniambie wewe," akasema.

"Bonyeza kile kitufe kidogo tu. Waya tuuache. Ngoja kichwa kirudi kwake."

Akabonyeza. Tulisimama watatu tukisikiliza kichwa kinavyotembea kwenye reli yake hadi pembeni, na kile kishindo kidogo, tak, cha mdomo unaofungwa. Kitambaa cheusi nilikikunja, nikakitia kwenye mfuko wa kwenda nao misani kesho, kikavuliwe pamoja na nguo zangu nyeusi.