Zamu ya Kufagia

Alhamisi, wazee wa kanisa walipomwita Divine ofisini, kazi ya kumhoji alipewa Maximilla, kwa kuwa ni mwanamke na ndiye mama mlezi wa kwaya. Wazee walikuwa sita, wote wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitazama sakafu kama watu waliodondosha sindano. Kusema kweli walikuwa na hofu. Msichana wa miaka ishirini alikuwa ametamka, mama yake akiwa pembeni, kwamba Reverien, mpiga kinanda, alimbaka ndani ya kanisa. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya migomba. Na Reverien alipendwa kijiji kizima cha Nyakitonto. Kinanda chenyewe alikinunua yeye.

"Ulikuwa umevaa nini?" Maximilla akaanza.

"Sketi ya kwaya, mama."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma."

"Na wewe ulibaki humo unafanya nini, wenzako wote wameshaondoka?"

Divine akainua macho. "Nilikuwa nafagia. Si wewe ndiye uliyenipangia?"

Mzee Bazilio, mwenyekiti, akakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Hapa lazima isemwe wazi. Anayechelewa mazoezini hupangiwa zamu ya kufagia kanisa peke yake, wenzake wakishatoka. Utaratibu huo aliutunga Maximilla, na alijivunia mno. Hata kwaya ya Rungwe Mpya walikuja kuuiga. Mtu pekee aliyebaki nyuma kila Jumamosi, akikunja nyaya zake na kungoja kufunga mlango, alikuwa Reverien. Kijiji kizima kilijua. Watu walipita pale na majembe yao, wakasikia ufagio unakwaruza ndani, wakaendelea na safari. Hakuna aliyejiuliza kwa nini msichana mmoja na mwanamume mmoja wanaachwa pamoja kila wiki, na ufunguo anao mwanamume.

Wazee wakakata shauri. Divine akae benchi la nyuma miezi mitatu, asiimbe, mpaka mambo yatulie. Reverien aonywe kwa upole, maana ni mtu mwenye familia. Wasichana wote washone sketi zinazofika kwenye kifundo cha mguu. Hilo la sketi lilikuwa wazo la Maximilla, na alilitoa haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kikao kiishe. Tangazo angelisoma yeye siku ya Jumapili.

Niyomwungere, mama yake Divine, aliondoka bila kuaga. Alimshika binti yake mkono kama mtoto anayejifunza kutembea.

Nyumbani kwake, Maximilla aliisukuma sahani kando. Kipriani, mumewe, akamwambia, "Mama Japhet, umefanya ulichotumwa. Mengine mwachie Mungu." Maneno mazuri, ila Maximilla alikuwa na jambo ambalo Kipriani hakulijua, na wazee hawakulijua. Mwaka jana, wakati wa kupura maharage, msichana mwingine alimfuata uani kwake. Aliitwa Ininahazwe. Muda mfupi baadaye aliacha kwaya, akahamia Kasulu mjini.

Jumamosi Maximilla akadanganya kwamba anafuata kitambaa cha sketi, akapanda bodaboda hadi Kasulu. Alimkuta Ininahazwe sokoni, nyuma ya madumu ya mawese, amenenepa kidogo, kilemba kimekaa vizuri. Akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Nakuomba uje useme," akamalizia. "Wakisikia mko wawili, watamwamini Divine. Hawatamtenga."

"Oya, mama, siji," Ininahazwe akasema, akiendelea kufuta dumu. "Mimi nilishasema. Nilikuja kwako, una fimbo mkononi, unapura maharage. Nikakwambia yule mtu ananishikashika, sitaki kubaki naye. Ulinijibu nini?"

Maximilla alilikumbuka kila neno. Alimwambia kwamba msichana anayejiheshimu hashikwishikwi. Kisha akalifuta jina lake kwenye orodha ya zamu, akajiona ametenda wema.

"Uliniondoa mimi," Ininahazwe akaendelea. "Ukamweka nani?"

Maximilla akajifunga upya kanga yake.

"Tangu hapo wamefagia wangapi, mama?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama wanangoja. Ininahazwe akawapimia mafuta, akawarudishia chupa zao, akawashukuru. Alipogeuka, uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Maximilla kuliko kutukanwa.

"Umekuja kutafuta shahidi ili wewe usiseme. Shahidi ni wewe. Mimi niache niuze."

Njia nzima ya kurudi, Maximilla alijaribu kujitetea na hakupata utetezi. Hakuwa mjinga, alijua. Aliogopa kwaya kukosa mpiga kinanda. Aliogopa kuambiwa amemchafua mtu mwema, watu wamwite mchonganishi. Kati ya msichana na kinanda alichagua kinanda, na aibu hiyo ikamtoa machozi, dereva wa bodaboda akadhani ni vumbi.

Jumapili kanisa lilijaa. Divine alikuwa benchi la nyuma pamoja na mama yake. Ulipofika wakati wa matangazo, Maximilla akasimama mbele na karatasi ya wazee, akaikunja.

"Nimetumwa kusoma kwamba Divine ametengwa," akasema. "Sitasoma. Divine hana kosa. Mwenye kosa—"

Kinanda kikalia. Reverien alikuwa ameanzisha wimbo, uso umetulia, na kwaya nzima ikasimama ikaimba. Hawakufanya hila. Maximilla mwenyewe ndiye aliyewafundisha, miaka na miaka, kwamba kinanda kikilia hakuna kuuliza. Akasema tena na sauti yake haikusikika. Mzee Bazilio akamwashiria aketi.

Maximilla akawageukia wasichana, akainua kiganja kama anavyowasimamisha mazoezini. Sauti zikapungua, zikakoma. Reverien akaendelea kidogo peke yake, kisha naye akaacha.

"Aliyembaka Divine ni huyu hapa," akasema, na sasa alisikika mpaka nje. "Na mimi nilijua tabia yake tangu mwaka jana. Niliambiwa na binti mwingine, nikamfokea yeye. Nikaendelea kuwapanga watoto wenu wabaki naye. Kisha Alhamisi nikamwuliza Divine amevaa nini. Kesho naenda Kasulu polisi, dawati la jinsia, kuandikisha maelezo yangu. Divine akitaka nitamsindikiza. Asipotaka, nitakwenda kusema ninayoyajua mimi."

Kelele zikazuka. Mwanamume mmoja akasema mama huyu amechanganyikiwa. Mwingine akasema mambo ya kanisa humalizwa kanisani. Kipriani alikuwa ameinamisha kichwa. Niyomwungere akasimama kule nyuma, naye alipozungumza wengine wakanyamaza.

"Umesema, Mama Japhet. Ungesema mwaka jana, mwanangu angekuwa hapo mbele anaimba."

"Ego, ni kweli," Maximilla akaitikia. Msamaha hakuuomba. Aliona kuomba pale, mbele za watu, kungekuwa kumlazimisha yule mama kumpa.

Ndipo Odilia, msichana wa mstari wa pili, akaweka kitabu cha nyimbo kwenye kiti. Akatoka kwenye kwaya, akatembea katikati ya kanisa bila kumtazama mtu, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na Divine. Divine akasogea kumpa nafasi. Watu walikuwa bado wanatazamana, hawajaelewa, wakati Yusta naye alipotoka, amefunika mdomo kwa kitambaa, akafuata njia ile ile.

Maximilla alielewa. Majina yao alikuwa ameyaandika kwenye orodha ya zamu kwa mkono wake.