Kamba Mkononi mwa Roland Pocock

Tulikwisha kuachia ukingo wa Abingdon, na omo ya boti ilikuwa imeshageukia kati ya mto, Glenys alipotoa maneno yake. Aliyatoa bila kugeuka, huku anakunja kamba ya nyuma kama mtu anayekunja shuka.

"Roland, nisikilize. Leo jioni nitakula chakula changu kwa amani. Nikila kwa amani, boti inabaki. Ukigombana na mtu yeyote kwa ajili ya mahali pa kufunga, mwisho wa mwezi tunaiuza. Nimemaliza."

"Nani agombane?" Roland akasema kutoka kwenye usukani. "Siku kama ya leo, mpenzi?"

Glenys akanitazama. Mimi nikatazama bata.

Siku hiyo ya Juni walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Mimi nilikuwamo kwa sababu ya goti la Roland. Lilikataa kuruka ukingoni tangu mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa napiga rangi matumbo ya boti pale wanapoegesha yao. Aliniita Serahangi, msimamizi wa mabaharia, maana niliwahi kufanya kazi melini, na alipenda vyeo. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kusoma mikataba ya bima, miaka thelathini na moja, akitafuta neno moja la kumnyima mtu fidia. Alistaafu, lakini macho hayakustaafu.

Boti ilikuwa inaitwa Saa ya Chai. Ndogo, nyeupe, kitanda cha watu wawili mbele na benchi nyuma, ambalo ndilo lililokuwa langu. Roland aliipenda kuliko nyumba. Alikuwa anajua sauti ya kila parafujo yake. Ukimtajia kuiuza, uso unamkauka.

Sasa, ule mto maji yake ni ya watu wote, lakini nyasi za pembeni zina wenyewe. Utasafiri mchana kutwa bure, ukitaka kulala ndipo utakapokutana na wenye nyasi. Kwenye saa kumi tulijaribu malisho ya ng'ombe chini ya Clifton. Sijamaliza kupigilia vigingi, akaja mama mmoja wa shambani na pikipiki ya magurudumu manne, mkebe wa biskuti wa kutilia fedha mapajani.

"Pauni kumi, mpenzi," akamwambia Roland, maana kule hata mgeni huitwa mpenzi.

"Kumi za nini? Nimefunga kamba kwenye mti."

"Mti wangu. Na mkichoma nyama, kumi na mbili."

Tukang'oa vigingi. Pale malishoni hatukuwa na haja napo. Meza ilikuwa imewekwa mahali pengine, saa moja jioni. Lakini nilimwona Glenys anahesabu kitu kimoyomoyo.

Mahali penyewe palikuwa baa ya kando ya mto, Fisimaji na Birika. Walikula pale wiki ya harusi yao, na kila mwaka baada ya hapo. Kwa miaka yote hiyo desturi ilikuwa moja: ukila, unalala. Unafunga boti mbele ya baa, unaagiza pai, na asubuhi hakuna anayekuuliza. Ng'ambo ya baa kuna ukingo wa baraza la mji, bure kwa saa ishirini na nne. Tukapita pale kwanza, maana Roland alisema tuangalie tu. Pamejaa. Boti moja ilikuwa na vyungu vya maua vilivyoota hadi dirishani, na baiskeli imeshika kutu juu ya paa.

"Saa ishirini na nne za mwaka gani?" Roland akampigia kelele mwenye boti.

Yule bwana hakuinua macho gazetini. "Na wewe jioni njema."

Basi tukavuka. Saa kumi na mbili na nusu, jua bado kali, bustani ya baa imejaa watu na glasi zao. Kule mtoni kuna adabu moja hata adui hanyimwi: boti ikikaribia, aliyeko ukingoni anapokea kamba. Akainuka bwana mmoja mnene, bia mkono mmoja, akadaka kamba yetu ya katikati kwa mkono wa pili na kuanza kuizungusha nguzoni.

"Usifunge!" Roland akapiga ukelele.

Yule bwana akaruka kama aliyeshika nyaya za umeme. Bia ikamwagika kiatuni.

Roland alikuwa ameshaona kibao. Kilikuwa kipya, rangi ya kijani, kimepigiliwa kwenye nguzo. BOTI YOYOTE ITAKAYOFUNGWA HAPA BAADA YA SAA KUMI NA MBILI JIONI: PAUNI KUMI NA TANO. WANAOKULA NA WASIOKULA. Akashuka kwa goti lake hilo bovu, akachukua kamba mkononi kwa yule bwana, akasoma tena kibao, midomo inatikisika. Kisha akatabasamu. Nililifahamu lile tabasamu. 

Mwenye baa akaja. Damian Rusk, jina lilikuwa kifuani. Wa miaka thelathini na kitu, aproni nyeusi, kimashine cha kadi kiunoni kama bastola.

"Karibuni. Ni kumi na tano, mzee."

"Kwa lipi?"

"Kwa kufunga."

"Nimefunga?"

Damian akaifuata kamba kwa macho, kutoka boti hadi mkono wa Roland. "Umeishika."

"Ahaa! Kumbe unaona. Kibao chako kinasema itakayofungwa. Hakisemi itakayoshikwa."

"Na utaishika mpaka asubuhi?"

"Mpaka wale wa ng'ambo waondoke. Au mpaka uone haya. Tunakula hapa, watu watatu, meza tumeweka tangu Machi. Anayekula analala bure. Nimelala bure hapa kabla hujazaliwa."

"Kabla sijazaliwa kodi ya hizi nyasi alilipa mwingine, mzee wangu. Sasa nalipa mimi."

Mwanamke mmoja mwenye kofia pana akaionyesha boti mwisho wa kamba, akauliza kutoka mezani, "Babu, huyo mbwa wako anauma?"

Bustani nzima ikacheka. "Mpe maji basi!" "Kachanjwa?" Yule bwana mnene aliyemwagikiwa alicheka kuliko wote, na alikuwa na haki.

Hapo Glenys akatoka ndani ya boti. Alikuwa amevaa gauni la buluu na herini ndogo za lulu, viatu vya visigino virefu mkononi mpaka avuke. Akavuka. Akavivaa. Akatazama kamba, akatazama kibao, akamtazama mumewe.

"Roland. Meza."

"Tangulia, mpenzi. Dakika tano. Nazungumza na huyu."

"Sawa," akasema Glenys.

Kwa watu wa kule, neno sawa lina maana nyingi, na hata moja si sawa. Akaingia ndani. Damian akamfuata. Roland akaniambia niende nikakae na mkewe, mtu asile peke yake siku ya namna ile.

Nikamkuta kwenye meza ya dirishani, mgongo umenyooka. Kutoka pale ulimwona Roland mzima, na boti nyuma yake inanesanesa.

"Nimeshalipa," Glenys akasema, kabla sijakaa.

"Umelipa nini?"

"Kumi na tano. Nimegusa kadi pale kaunta. Tii! Basi. Hata sekunde mbili hazikufika."

Nikainuka. "Ngoja nikamwambie aifunge."

"Keti, Serahangi. Ukimwambia nakutosa mtoni. Na yule kijana nimemwapisha vilevile." Akakunjua kitambaa, akakiweka mapajani. "Nataka aingie mwenyewe. Mara moja tu katika miaka arobaini, boti iwe kule, mimi niwe huku, achague. Nimempa mpaka nimalize pudini."

Nimekula mahali pengi, pengine na watu waliokuwa na visu, lakini chakula kigumu kumeza kama kile sikumbuki. Pai ya nyama na figo ilikuja inatoa mvuke, na njegere, na viazi. Sahani tatu. Ya tatu ikakaa mbele ya kiti kitupu.

Nikasema naenda kumwita. Hilo hakunikataza.

"Roland, pai imefika."

"Waiweke kwenye joto."

"Mkeo yuko peke yake."

"Yuko na nani, si yuko na wewe? Na wewe uko hapa unafanya nini?"

"Basi nipe kamba uende wewe."

Hilo akalifikiri. Akanipa. Akapiga hatua tano kuelekea mlangoni, nami roho ikaanza kutulia, mara ikapita boti kubwa ya abiria, muziki juu, wimbi nyuma. Saa ya Chai ikajivuta, ikarudi, ikagonga mbao za ukingo. Pigo dogo tu. Roland akarudi anachechemea mbio.

"Unaona! Huna mikono wewe! Lete hapa!"

"Rangi nitapiga mimi, bwana, nenda ukale!"

"Lete kamba."

Nikampa. Ningefanya nini? Boti ni yake.

Nikarudi ndani, nikatafuna. Glenys alikuwa akikata viazi vyake vipande vidogo sana. Baada ya muda Damian mwenyewe alichoka kutazama. Akatoka, nami nyuma yake, nikisingizia chumvi.

"Mzee," akasema kwa upole kabisa, "ifunge tu. Hakuna neno. Ingia ule."

Roland akanikonyeza. "Umemsikia? Ifunge tu! Mtego huo. Nikipiga fundo moja, kimashine kinatoka."

"Sitoi kimashine."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba hutoi."

Damian akanitazama, nami nikamtazama. Wote wawili tulikuwa tumeapishwa na mwanamke mmoja. Kijana akatupa mikono juu akarudi ndani. Nikamsikia anamwambia mpishi kwamba afadhali walevi.

"Roland," nikasema, "mimi nakuomba. Funga. Hutajuta."

"Wamekununua kwa pai, Serahangi?"

"Hivi huoni pale dirishani?"

Akageuka. Glenys alikuwa pale, taa ya meza inamulika herini. Akampungia mkono, mkono uleule wenye kamba, boti nayo ikavutika kama inapunga. Akamwonyesha dole gumba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeshinda vita kwa niaba ya nyumba nzima.

Ningeweza kusema. Nimejiuliza mara nyingi. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, amelipa, na lilikuwa limekaa juu ya ulimi wangu kama kidonge. Lakini kama ningelisema, angeingia kwa sababu ya pauni kumi na tano, na kumwingiza kwa sababu hiyo hakukuwa kumwingiza. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule. Nikarudi.

Pudini, kitu kitamu cha kumalizia, ilikuwa keki ya mvuke, juu yake shira ya rangi ya dhahabu na kastadi. Glenys aliagiza moja, vijiko viwili. Kijiko cha pili akakiweka upande wa kiti kitupu. Alikula polepole mno, anaacha, anakunywa maji, anakula. Nje Roland alibadilisha mkono, akapuliza kiganja, akahamishia uzito kwenye lile goti zima. Yule mwanamke wa kofia pana alikuwa amemletea kiti. Roland alikuwa amekataa.

Bakuli lilipobaki na kastadi tu, Glenys akaikwangua yote, akafuta mdomo, akachukua mkoba.

Tulitoka saa mbili na dakika ishirini. Jua lilikuwa bado linagusa vichwa vya mierebi.

"Roland, ifunge boti."

"Wale wa ng'ambo bado, mpenzi. Lakini yule kijana amelegea, nimeona. Nusu saa nyingine—"

"Nimelipa. Nililipa nilipoingia."

Roland akamgeukia. Kiganja kilikuwa chekundu, alama za nyuzi zimechorwa ndani yake. "Ulilipa... saa ngapi?"

"Kabla ya saa moja."

Nikadhani sasa. Sasa ataona. Akainama taratibu, akafunga kamba nguzoni, fundo zuri kabisa, kazi ya mtu anayejua. Akasimama mbele ya kibao. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Basi yule kijana ametupunja," akasema. "Mpaka dakika hii boti haikuwa imefungwa. Saa moja na nusu, na zaidi. Serahangi ni shahidi. Angalau atupunguzie."

Nikafumba macho.

Glenys hakupandisha sauti. "Sahani yako iko kwenye joto," akasema. Kisha akamgeukia Damian aliyekuwa mlangoni, akamwomba amwitie teksi ya kwenda stesheni ya Goring.

"Glenys! Nilikuwa natutetea sisi!"

"Najua. Umetutetea miaka arobaini. Nimechoka kutetewa."

Akaingia botini, akachukua begi lake dogo na viatu vya kawaida. Teksi ilipofika, Roland alimbebea begi mpaka mlangoni pa gari, na wakabusiana shavuni kama siku zote. Kisha akaja akala pai yake, yote. Sikumsikia akilidai lile punguzo.

Saa ya Chai ilitangazwa mwisho wa mwezi, kama ilivyosemwa, ikanunuliwa baada ya wiki nane na walimu wawili wa Slough waliobadilisha jina lake. Roland na Glenys bado ni mume na mke. Glenys huenda kwa dada yake Tenby kila Juni. Roland alipasuliwa goti mwezi wa Februari, anatembea vizuri. Aliandikia chama cha wenye boti barua nne, akajibiwa moja. Damian aliacha ile baa majira ya kuchipua yaliyofuata, anauza magari. Mimi nilihamia Braunston, kwenye mifereji, napiga rangi boti za watu.