Maji ya Wajane

Baada ya ziwa kumchukua mumewe, Scola alikosa usingizi karibu mwaka mzima. Mchana aliuza dagaa Ujiji na kutaniana na wateja, lakini giza likiingia alikaa kitandani macho makavu. Aliyemsaidia ni Manariyo, mama mtu mzima kutoka Burundi aliyelowea Kidahwe tangu enzi za vita, ambaye Scola alizoea kununua maharage kwake. Asubuhi moja Manariyo na jamaa zake wa kike walimwingiza kwenye kijito nyuma ya shamba, maji yakiwa chini ya magoti. Walimshika mikono, wakammwagia maji mabegani, wakamwambia amtaje marehemu kwa jina mpaka achoke, kisha aliachie shati la mumewe liende na maji. Baadaye walimnywesha uji, wakakaa naye hadi jua likawa kali. Ndivyo bibi zake Manariyo walivyowafanyia wajane wao. Siku hiyo Scola alilala.

Jambo lililomponya lilimshinda kukaa nalo peke yake. Alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama mtaani kwake, na wajane hawakosekani kwa watu wanaoishi kwa nyavu. Akaanza kuwapeleka ziwani. Mwanzoni alifanya kama alivyofanyiwa. Watu walipoongezeka, naye akaongeza mambo: kufunga bila kula wala kunywa, kukemea kwa sauti, na hatimaye kumzamisha mjane mzimamzima mpaka amwachie marehemu, jambo aliloliona kwenye simu likifanywa na mhubiri wa mbali. Mjane akirusha mikono kutafuta hewa, Scola alisema ni roho ya maiti inang'ang'ania.

Habari zilimfikia Manariyo. Alikuja mpaka Ujiji, akamwambia kwa upole kwamba maji yale si ya kuzamishia mtu, na kwamba hakumpa ruhusa ya kuyagawa. Scola alimpa chai, akaitikia kila neno. Mgeni alipoondoka, Scola aliwaambia wenzake kwamba bibi yule ana wivu.

Happiness alikuwa binti mdogo bado. Mumewe alikufa kwa ajali ya pikipiki njia ya Simbo, na tangu mazishi alikuwa hali wala hasemi. Kaka yake, Pastory, fundi wa injini za boti, ndiye aliyempeleka kwa Scola, kisha akaambiwa asubiri barabarani kwa kuwa shughuli ile ni ya wanawake. Scola aliona jinsi mifupa ya shingo ilivyomtoka yule binti, akasita. Lakini akina mama walikwisha kusanyika na wimbo ulikwisha anza.

Walimzamisha, akapigapiga maji kwa nguvu. Walipomrudisha chini alipiga kidogo, kisha akatulia, na Scola akatangaza kwamba amefunguliwa. Vigelegele vikapigwa. Ulipita muda kabla mmoja wao hajagundua kwamba Happiness hapumui. Pastory alimbeba kukimbilia hospitali, lakini dada yake alikuwa tayari amekufa.

Watu walipouliza shughuli ile imetoka wapi, Scola alijibu kwamba ni ya Kidahwe, kwa mama mmoja Mrundi. Halikuwa jibu la uongo, ila lilitosha. Kabla ya adhuhuri Ujiji yote ilikuwa inasema kwamba binti ameuawa kwa uchawi wa Warundi. Jirani alimshauri Scola ajifungie ndani, kelele zitapita. Ndipo aliposikia kwamba Pastory na vijana wengine wamepanda gari la mizigo kwenda Kidahwe, na mapanga, na dumu la petroli.

Scola alibaki ameketi. Baadaye alikiri mahakamani kwamba kwa muda ule alihisi nafuu. Kisha akainuka, akakodi bodaboda.

Alikuta nyumba inawaka. Majirani walikuwa wamesimama mbali wakitazama. Manariyo alikuwa ameanguka katikati ya maharage yake, mkono umevunjika, na Pastory amemsimamia na panga akimuuliza aliweka nini ndani ya maji. Scola alipenya, akaketi chini kando ya yule mama.

"Pastory, huyu hakuweka kitu," alisema. "Alikuja kunikataza, sikumsikia. Dada yako nilimshika kichwa mimi. Alitaka kutoka, nikamkandamiza."

Pastory alikuwa ameambiwa kwamba dada yake alizimika ghafla, mara tu maji yalipomgusa.

"Alitaka kutoka?"

"Ndiyo."

Panga lilimponyoka. Alimpiga Scola ngumi na mateke, wenzake wasithubutu kumshika, mpaka Manariyo alipojivuta na kumkamata suruali kwa ule mkono mzima. "Ihangane," alimwambia, neno ambalo kwao humwambia mfiwa. Pastory akaketi palepale, akalia. Nyumba ilikuwa imeshaporomoka.

Ndugu zake Scola walimtaka aseme kwamba marehemu alikuwa na kifafa. Alikataa, akakiri kuua bila kukusudia, akafungwa. Wengi wa walioimba siku ile walisema hawakuwapo.

Manariyo hakujenga tena Kidahwe. Kabla ya kuhamia kwa jamaa zake, alikwenda gerezani, mkono wake umeungana kombo. Scola alipiga magoti, akaomba msamaha.

"Nyumba nimekusamehe, na huu mkono," Manariyo alisema. "Mtoto wa watu siwezi kukusamehe mimi. Nimekwenda kwa mama yake, nikashinda naye. Aliniuliza jambo moja tu, kama mwanawe alihangaika sana. Nilimwambia sijui. Wewe unajua. Akija, usimfiche."

Alimwachia maharage ya kuchemsha na sabuni, akaenda.

Mama yake Happiness alikuja mvua zilipoanza. Scola alimweleza yote: jinsi binti alivyohangaika, jinsi alivyomshika Scola kidole gumba kwa nguvu asikiachie, na jinsi wao walivyokuwa wakiimba. Scola alipomaliza, mama aliomba arudie pale pa kidole. Scola alirudia. Mama akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kuaga.