Bunduki Iliyotoa Jasho Al-Hamra

Bunduki yenyewe haikuwa na kosa. Nasema hivyo mapema, maana nimekaa nayo nyumba moja miaka mingi kuliko nilivyokaa na mke yeyote.

Ilitengenezwa Marekani kwa mchoro wa mwaka 1894, mchoro wa fundi aliyekulia katika karakana ya baba yake ya bunduki. Chini, palipo na kifyatulio, ina mkono wa chuma uliopinda kama kitanzi, unatia vidole. Ukiusukuma chini, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje na nyundo inalala nyuma. Ukiurudisha, risasi nyingine inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Humo risasi hulala kichwa kwa mkia, ndiyo maana huwa butu, isije moja ikamchoma mwenzake makalio ikalipuka. Kule Voi, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, niliwabebea wazungu bunduki za namna hii porini. Wawindaji wa ndovu waliidharau. Wa chui waliipenda, kwa sababu chui hakupi nafasi ya kutafuta risasi ya pili.

Hii ya bosi wangu wa Uarabuni, baba yake alipewa na Mmarekani wa kampuni ya mafuta. Ilitundikwa kwao Malaz, Riyadh, ambako hewa ni kavu na adui ni vumbi tu. Mwaka 2014 bosi akahamia Jeddah, kwenye jumba la Al-Hamra karibu na bahari, nami dereva wake nikahama naye. Bunduki akaiweka majlisi, wanapoketi wageni, AC ikivuma kutwa. Kila Ijumaa baada ya sala aliitoa barazani kwenye joto awaoneshe wageni. Risasi hana hata moja. Anapenda tu ule mlio wa mkono ukishuka na kupanda, kra-kra. Kufika Oktoba mkono ukakwama nusu njia, na shemeji yake akamwuliza kama hiyo ni bunduki au mkasi wa kukatia maua.

Bosi alicheka pamoja nao. Walipoondoka akamwita Eucabeth.

Eucabeth ndiye aliyekuwa akifanya kazi za ndani, mama wa Kisii. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Novemba, lakini bila sahihi ya bosi, ambaye ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, hakuna ruhusa ya kutoka nchini. Na Desemba mwanawe wa kwanza alikuwa anaingia jandoni. Kwao mama asipokuwepo siku hiyo watu husema, na mtoto husikia. Bosi akamshutumu kwamba ndiye aliyeifuta bunduki kwa dawa ya choo, na isipopona hasaini kitu. Maskini, alikuwa akiipangusa kwa unyoya mkavu, kama alivyoamriwa na madam, mke wa bosi.

Nilijaribu kumweleza bosi. Chuma kikitolewa kwenye baridi kikakutana na hewa ya bahari kinatoa jasho, kama chupa ya soda.

"Chuma hakitoi jasho, Solomon," akasema. "Wewe ndiye unayetoa jasho. Yalla, itengeneze."

Nikanunua mafuta ya cherehani mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, nikaifungua juu ya shuka gerejini. Kutu ilikuwa imejaa kwenye maungio ya ule mkono. Eucabeth alinishikia bisibisi. Nikawaza: nikiitengeneza peke yangu, bosi atasema Solomon kaponya alichoharibu Eucabeth, na kinyongo kitabaki. Afadhali aone kwa macho kwamba mkono wa huyu mama hauharibu. Basi nikamfundisha: kufungua, kukausha, kupaka mafuta kidogo, kuiacha barazani ikauke jasho kabla ya kuirudisha. Alishika upesi kuliko mimi nilivyoshika Voi.

Ijumaa, mbele ya shemeji yule yule, Eucabeth akaifuta, akausukuma mkono. Kra-kra. Shemeji akamsifu. Bosi akaiangalia mikono ya huyo mama.

"Solomon amezeeka," akasema. "Huyu ndiye atakayeitunza. Atakaa miaka miwili mingine, halas."

Kesho yake nilimsihi bosi garini. Nikamweleza habari ya mtoto na jando.

"Tohara haihitaji mama," akanijibu huku akitazama simu. "Inahitaji kisu."

Nilimkuta Eucabeth kwenye sinki, anasugua mafuta kwenye kucha. Hakulia. Kulia kungenisaidia.

"Si ungeitengeneza mwenyewe, baba, uniache niitwe mharibifu," akasema. "Mharibifu nani angemng'ang'ania? Si ningekuwa nimeshapanda ndege."

Nikaichukua ile chupa ya mafuta ya cherehani, nikairudisha gerejini.

Desemba ilipita. Kila Ijumaa naisikia kra-kra nikiwa getini na magari ya wageni, laini, haikwami hata kidogo. Eucabeth akitaka kupelekwa sokoni huja mpaka dirishani. Haniiti baba tena. Ananiita dereva.