Msalaba wa Chaki

Hapa mtaa wa Kenya, jijini Lubumbashi, Kongo, hakuna asiyeijua sauti yangu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani na kipaza sauti, nikiwaamsha watu watubu. Siku moja jirani yangu Jeannot, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, akaniuliza mbele za watu: "Mama Bénédicte, Mungu iko na masikio ya mubaya?"

Barabara nzima ilicheka. Mimi nina ulimi, tena mrefu, lakini siku hiyo sikupata neno. Nilivimba mwaka mzima.

Kisha kanisa letu likaanzisha mahubiri ya nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Kila Mkristo ametumwa, mchungaji alisema, na amina yangu ilizishinda zote. Ukishahubiri kwenye nyumba, unachora msalaba wa chaki mlangoni ili kundi jingine lisirudie. Barabara yetu nilipewa mimi. Nilimaliza milango yote, ukabaki wa Jeannot, nao umefungwa. Nikakumbuka kicheko kile. Nibishe hodi ili nichekwe tena? Nikachora msalaba bila kubisha, nikaenda kutoa ripoti kwamba barabara yetu imekwisha. Walinipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Kasenga kuwahubiria wavuvi wa mto Luapula. Wengi waliokoka. Nilirudi na furaha yangu na kapu la samaki wakavu, nikakuta turubai la matanga kwa Jeannot. Moyo ulikuwa umemsimama kazini.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alinisubiri ndani ya nyumba ile. Kabla sijatoa pole, Huguette, mjane wake, alinishika mkono.

"Mama, siku ile mulikuyaka kuhubiri, hatukukuwa ku nyumba. Jeannot akaona musalaba, akafurahi sana. Akasema, 'Mama Bénédicte alishanisamehe.' Kila samedi hakutoka tena. Alikuwa anangoya murudi."

Akanionyesha kiti cha chuma kando ya ukuta, kimepakwa rangi ya buluu.

"Ile kiti alitengenezea ninyi, musiikale ku bidon ya mayi. Mama, mulikuwa munataka kumuambia nini?"

Ningeweza kutunga jibu. Midomo yangu imezoea. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama kwa imani, nikaona aibu.

"Huguette, sikubisha hodi. Nilichora tu."

Nilingoja anifukuze, na nilistahili. Badala yake alikivuta kile kiti, akakiweka mbele yangu.

"Basi ikala, mama. Ile mungemuambia, ambia miye."

Nikakaa. Kiti kilikuwa imara, na kingo zake zote Jeannot alikuwa amezisugua zikalainika, zisichane kitenge cha mtu. Nikafungua mdomo. Sikupata hata neno moja. Nililia, na Huguette, mwenye msiba, ndiye aliyenibembeleza.